Thamani ya Rivolva Kongwe

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka. Katika aina iliyotangulia, mtumiaji huivuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kufyatua. Katika ile ya utendaji maradufu, kifyatulio hufanya kazi mbili: huinua nyundo huku silinda ikizunguka, kisha huiachilia.

Nchini Marekani, wakusanyaji huienzi Registered Magnum iliyotolewa na Smith & Wesson mwaka wa 1935, ambayo mnunuzi aliweza kuisajili kiwandani na kupewa hati. Aghalabu bastola iliyochubuka lakini ingali na rangi yake asilia na hati hiyo huishinda kwa thamani iliyong'arishwa upya. Anayeisugua ili ipendeze huzififiza alama za kiwanda, mithili ya mnakili anayeusahihisha muswada wa kale: maandishi hutakata, ushahidi hupotea.