Hatari ya theluji bondeni

Galtür ni kijiji cha Austria, katika bonde lenye milima mirefu. Wakati wa baridi wageni wengi huenda huko kupumzika. Mwezi wa pili 1999 theluji ilianguka siku nyingi, njia ikafungwa, wageni wakakwama. Tarehe 23 theluji ya mlimani ikaporomoka, ikaua watu 31, hata wengine waliokuwa nyumbani.

Mtu aliyefunikwa na theluji hufa upesi kwa kukosa pumzi, kuliko kwa baridi. Akifukuliwa kabla ya dakika 10, mara nyingi huishi. Basi wenzake wachimbe mara moja! Akiwa hapumui, safisha kinywa chake, umpulizie pumzi. Mvue nguo zenye maji, mfunike blanketi kavu. Usimsugue miguu. Na pombe usimpe kamwe: atajisikia moto, kumbe joto la mwili linatoka.