Arusi Siku ya Idi: Yafaa au Haifai?

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), twapenda kulizungumza swali ambalo wazazi hutuletea kila mwaka Ramadhani ikaribiapo kwisha: Je, yafaa kumwoza kijana siku ya Idi?

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Kijana afanyaye kazi mbali na kwao pengine hupata ruhusa siku za Idi tu, na jamaa zake nao ndipo wakusanyikapo. Siku hizo zikimpita atangoja mwaka mwingine, hali amekwisha posa, mahari yako tayari, na nafsi yake yataka stara. Upande wa pili yuko bibi asemaye kwamba ndoa ya baina ya Idi mbili haidumu. Tumeona posa njema zikilegea kwa mabishano ya namna hii. Basi natulitazame jambo lenyewe.

Kwanza, hofu ya kuoa baina ya Idi mbili haina msingi katika dini yetu. Waarabu wa zama za ujahili waliuona mwezi wa Shawwal, ambao sisi twauita Mfungo Mosi, kuwa una nuksi kwa ndoa. Uislamu ukaifuta nuksi hiyo. Katika Sahihi ya Imam Muslim imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimwoa katika Shawwal na akaingia naye nyumbani katika Shawwal, naye alipenda wanawake wa jamaa zake waingie nyumbani mwa waume zao katika mwezi huo. Imam Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hiyo, ameeleza kwamba yapendeza kuoa katika Shawwal. Haya tuwaelezee bibi zetu kwa upole, wala tusiwacheke, kwani wao wamesema waliyoyasikia kwa wazee wao.

Pili, siku ya Idi haikukatazwa ndoa. Lililokatazwa siku hiyo ni kufunga. Ama msimu wa Hija, aliyekatazwa kufunga ndoa ni yule aliye katika ihramu. Sisi tuliobaki majumbani mwetu hatumo katika katazo hilo.

Lakini kuwa halali ni jambo moja, na kufaa ni jambo jingine. Idi ina haki zake: Zaka ya Fitri itolewe kabla ya swala, watu waende kuswali, wazazi wazuriwe, na watoto wafurahi na baba yao. Tena katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, aliyealikwa karamu ya arusi huwajibika kuitikia asipokuwa na udhuru. Basi umwalikapo mtu siku ya Idi, wamtia haki mbili shingoni kwa wakati mmoja. Na wanawake je? Mtume (s.a.w.) aliamuru nao watoke siku ya Idi wakaihudhurie heri hiyo, sisi twawafungia jikoni tangu usiku kwa masufuria ya pilau, na takbira waisikie kwa mbali.

Kuna na taabu ya mwandamo. Twaijua arusi moja iliyopangwa Idi Mosi. Kadi zikaandikwa tarehe, ng'ombe akachinjwa usiku, na mwezi usionekane. Kulipokucha chakula kimeiva na wageni wote wamefunga! Kikangojwa hata magharibi, na waliotoka safari wakashinda barazani kwa njaa na haya. Tena katika mji mmoja wako wafuatao mwandamo wa hapa, na wako wafuatao habari za Makka. Basi Idi ya bwana arusi yaweza kuwa thelathini ya Ramadhani kwa baba mkwe wake. Idi ya Kuchinja ni nafuu, kwani huwa tarehe 10 ya Mfungo Tatu, na mwandamo hujulikana siku nyingi kabla.

Shauri letu ni hili: itengeni akdi na karamu. Akdi yahitaji walii, mashahidi wawili waadilifu, na matamko ya kuoza na kukubali. Haimalizi hata saa moja. Kijana mwenye ruhusa ya siku chache aozwe Idi Pili baada ya alasiri, mbele ya jamaa waliokwisha kusanyika, aende na mkewe kwa amani. Karamu ifuate baadaye katika Mfungo Mosi, kwa uwezo wa mwenyewe. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima ijapokuwa kwa mbuzi au kondoo mmoja, na walima wake mwenyewe alipomwoa Bibi Safiyya ulikuwa tende, samli na maziwa makavu, bila nyama.

Na katika kuchelewesha karamu mna faida nyingine. Siku ya Idi fukara hukumbukwa na wengi. Ikifika tarehe 10 ya Mfungo Mosi hakumbukwi na mtu. Chakula cha arusi siku hiyo chamfaa zaidi. Nasi tumeonywa kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha karamu ya arusi waalikwayo matajiri na kuachwa maskini.

Enyi wazazi, msiiahirishe stara ya watoto wenu kwa hofu ya nuksi, wala msiiharakishe karamu kwa kutaka kuonekana na watu wengi siku ya sikukuu. Nanyi vijana, ombeni akdi kwanza, shangwe haitakimbia.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zetu na Idi zetu. Amin.