Mlio wa Amadinda Ndani ya Sampla
Katika Makumbusho ya Uganda, yaliyo kando ya Kira Road huko Kamwokya, Klaus Wachsmann, msimamizi wake kuanzia 1948 hadi 1957, alirekodi muziki wa sehemu nyingi za nchi na kuchunguza namna ala zake zinavyolinganishwa sauti. Uchunguzi huo una thamani kubwa kwa anayetaka kuingiza amadinda, yaani marimba ya Buganda yenye vibao 12, katika sampla, mashine inayohifadhi vipande vya sauti ili vichezwe upya.

Sampla hupima wimbi la sauti, mara nyingi kwa vipimo 44,100 kila sekunde, na kulihifadhi kama tarakimu. Zikisomwa kwa kasi maradufu, sauti hupanda oktava moja na urefu wake hupungua nusu.

Hapo ndipo penye ugumu usiopewa uzito unaostahili. Sampla kwa kawaida huigawa oktava hatua 12 za senti 100 kila moja, senti ikiwa sehemu moja ya 1,200 ya oktava, ilhali amadinda huigawa hatua tano zinazokaribia senti 240, ingawa hazilingani kabisa. Kwa hiyo, mlio wa kibao kimoja ukisambazwa kwenye kinanda chote, ulinganifu wa Buganda hupotea. Ni bora kila kibao kirekodiwe peke yake, au kila noti irekebishwe kwa senti, kabla ya kuongeza mwangwi na vichujio, ambavyo hupunguza masafa fulani ya sauti.