Simu ya Kubadilishiwa Mfumo: Ya Kutazama Kabla ya Kulipa

Mtu anayenunua simu janja Makambako au Njombe mjini kwa kawaida huulizia kamera, ukubwa wa skrini, nafasi ya kuhifadhi na muda ambao chaji inadumu, na muuzaji naye huwa na majibu ya hayo manne mdomoni kabla hajaulizwa. Swali la tano, ambalo ni nadra kusikika dukani, ni kama simu hiyo inakubali kuondolewa mfumo endeshi uliotoka nao kiwandani na kuwekewa mwingine. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayosimamia kila kitu ndani ya simu, tangu skrini inapowaka hadi ujumbe unapotumwa, na katika simu nyingi za Tanzania mfumo huo ni Android iliyofinyangwa na mtengenezaji kwa namna anayoitaka yeye. Kwa mtu anayejali faragha, yaani haki ya kuamua nani ajue nini kuhusu maisha yake, swali hilo la tano linatangulia mengine yote, kwa kuwa jibu lake huamuliwa kiwandani na mara nyingi halibadiliki tena baada ya fedha kutoka mfukoni.

Haja ya kubadilisha mfumo haitokani na hofu ya kupindukia. Mwaka 2021 Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, alipima data zinazotoka kwenye simu zilizoachwa mezani bila kuguswa, akakuta kwamba simu ya Android na iPhone huwasiliana na kampuni zilizotengeneza mifumo yake kwa wastani wa kila dakika nne na nusu. Baadaye mwaka huohuo yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichunguza mifumo iliyomo katika simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme, wakaeleza kuwa hata mtumiaji akikataa kila kinachoweza kukataliwa, taarifa huendelea kwenda kwa mtengenezaji na kwa kampuni nyingine ambazo programu zake zimepachikwa tangu kiwandani. Kati ya mifumo waliyoipima, ni mfumo mbadala wa /e/OS peke yake ulioonekana kutopeleka karibu chochote. Data hizo, ikumbukwe, husafiri kwa bando la mwenye simu.

Kwa mkazi wa Nkomang'ombe, kijiji kilicho jirani na makaa ya mawe ya Mchuchuma wilayani Ludewa, au kwa mkulima wa parachichi wa Njombe, simu si chombo cha kupigia soga tu. Humo mna picha ya kitambulisho cha NIDA iliyotumwa kwa WhatsApp ili fomu ijazwe, mna nakala za karatasi za fidia ya ardhi, mna majina ya wadaiwa na ujumbe wa kila muamala wa fedha. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawabana wanaokusanya taarifa za watu. Lakini sheria humfikia mkosaji baada ya kosa, ilhali mfumo wa simu unaweza kuzuia taarifa isitoke kabisa.

Mifumo mbadala iliyo maarufu imejengwa juu ya msimbo wa Android ambao Google yenyewe huuweka wazi ili yeyote autumie na kuurekebisha. LineageOS, iliyozaliwa mwishoni mwa mwaka 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, ndiyo inayokubaliwa na aina nyingi zaidi za simu, ingawa nguvu yake kubwa ni kurefusha maisha ya simu za zamani kuliko kuzilinda. /e/OS, iliyoanzishwa na Mfaransa Gaël Duval, huondoa huduma za Google na kuweka mbadala wake. GrapheneOS, ambayo mizizi yake inarudi hadi mwaka 2014 na ambayo imetumia jina hilo tangu 2019, ndiyo kali kuliko zote kwa upande wa usalama: kwa mfano, simu isipofunguliwa kwa saa 18 hujizima na kujiwasha yenyewe, na data zake zikarudi katika hali ya kufungwa kwa fumbo ambalo mwizi aliyeikwapua stendi hawezi kulifumbua bila namba ya siri. Kuna pia CalyxOS, ambayo mnamo Agosti 2025 ilisimamisha masasisho na kuwashauri watumiaji wake wahamie kwingine kwa muda. Tukio hilo linaonyesha kuwa anayechagua mfumo huchagua pia watu wanaoutunza, na kwamba mfumo usio na masasisho, hata ukiwa na nia njema kiasi gani, ni mfumo unaozeeka.

Kinachoamua kama simu itapokea mfumo mwingine ni programu ndogo iitwayo butiloda, ambayo huamka kabla ya mfumo wenyewe na, kama mlinzi wa getini, hukagua kama kinachotaka kuwashwa kina saini ya mtengenezaji. Butiloda ikifungwa moja kwa moja, hakuna kinachoingia. Ikiwa inafunguka, mfumo mpya huwekwa. Lakini palipo bora zaidi ni pale inapoweza kufunguliwa, mfumo ukawekwa, kisha butiloda ikafungwa tena huku ikitambua saini ya mfumo mpya. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Simu iliyoachwa na butiloda wazi inaweza kuchezewa na mtu yeyote aliyeishika kwa nusu saa, na katika simu nyingi za LineageOS haifungiki tena, jambo linalomaanisha kwamba mwenye simu amepata faragha dhidi ya kampuni huku akiwa amelegeza ulinzi dhidi ya mwizi.

Hapa ndipo soko la Nyanda za Juu Kusini linapomtatiza mnunuzi. Simu zilizojaa katika maduka ya Makambako, mji ambao barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana na ile ya Songea na ambako reli ya TAZARA nayo hupita, ni Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, pamoja na Samsung za bei ya chini. Ni simu nzuri kwa bei yake, na chaji yake hudumu. Lakini ni nadra mno kuzikuta katika orodha za mifumo mbadala, kwa sababu wanaotengeneza mifumo hiyo wanahitaji msimbo wa vijenzi vya ndani ambao hautolewi au hutolewa nusunusu. Wala suala la programu za kiwandani si la kufikirika: mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba programu hasidi za Triada na xHelper zilikutwa ndani ya baadhi ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, na Transsion ikasema lawama ni ya mmoja wa waliohusika katika mnyororo wa ugavi.

Majina makubwa nayo yamekuwa yakifunga milango. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia butiloda mwaka 2018, Xiaomi humtaka mtumiaji aombe ruhusa na kusubiri, na Samsung, ambayo kwa miaka mingi iliruhusu kufungua kwa gharama ya kuunguza kabisa fyuzi ya kielektroniki inayolinda baadhi ya huduma zake, iliondoa ruhusa hiyo katika One UI 8 ya mwaka 2025. Simu ya mkopo, inayolipiwa kwa siku au kwa wiki na ambayo hujifunga malipo yakichelewa, haifai hata kufikiriwa kwa kazi hii hadi deni liishe, kwani kufuta mfumo wake ni kuondoa kufuli la mkopeshaji na hilo ni kuvunja mkataba.

Linalobaki ni jambo linalochekesha kidogo: simu inayofaa zaidi kwa anayetaka kujiepusha na macho ya Google ni Pixel, inayotengenezwa na Google yenyewe. Hadi mwaka 2025 GrapheneOS ilikuwa inatengenezwa kwa ajili ya Pixel pekee, kwa kuwa simu hizo huruhusu butiloda kufungwa tena kwa saini ya mtu mwingine na zina chipu ya pekee ya kutunzia siri. Pixel haiuzwi rasmi Tanzania, hivyo zinazopatikana ni zile zilizokwishatumika ng'ambo, zinazoingia kupitia Dubai na kushuka Kariakoo kabla ya kupanda basi la kusini. Cha kutazamwa kwanza ni umri wa masasisho kuliko uzuri wa kasha: Pixel 6 iliahidiwa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, Pixel 6a hadi Julai 2027, Pixel 7 hadi Oktoba 2027 na Pixel 7a hadi Mei 2028, ilhali Pixel 8 ilikuja na ahadi ya miaka saba inayofika Oktoba 2030, na 8a hadi Mei 2031. Tofauti ya bei kati ya 6 na 8 inaweza kumvuta mnunuzi kwenye 6, lakini anayegawanya bei kwa miaka iliyobaki mara nyingi ataona kuwa ya bei ghali ndiyo rahisi. Pixel 6a ina kasoro yake tena, kwani Julai 2025 Google ililazimika kupunguza uwezo wa betri zake kwa sasisho baada ya baadhi kupata moto kupita kiasi. Na betri iliyochoka, katika baridi ya Njombe ya Juni na Julai, huzimika hata kama skrini inaonyesha chaji ipo.

Mtego mkubwa zaidi hauonekani kwa macho. Pixel zilizouzwa Marekani na mtandao wa Verizon zimefungwa butiloda milele, na kwa nje hazina tofauti na nyingine; hata neno "imefunguliwa" analolitumia muuzaji humaanisha tu kwamba simu inakubali laini yoyote, jambo ambalo halina uhusiano na butiloda. Kipimo chake hufanyika palepale kaunta kwa dakika chache: simu iunganishwe na intaneti, ifunguliwe sehemu ya mipangilio inayoeleza habari za simu, iguswe mara saba namba ya toleo la mfumo iliyo chini kabisa, hapo menyu ya wasanidi programu itajitokeza, na ndani yake itafutwe swichi yenye herufi OEM. Swichi ikikubali kusogezwa, simu inafaa. Ikiwa imefifia na haisogei hata baada ya intaneti kupatikana, mnunuzi airudishe kwa muuzaji bila mabishano. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwishajibu swali.

Baada ya hapo hubonyezwa *#06# ili kupata IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, ambayo hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kuhakiki kama ni halali. Tangu Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia, kifaa chenye IMEI isiyotambulika si cha kununua kwa bei yoyote. Kuweka mfumo mbadala kwa njia sahihi hakugusi IMEI, na kuibadilisha ni kosa la jinai. Ila fundi anayeflashi kwa mafaili ya kuokoteza anaweza kuifuta kabisa, hasa katika simu za chipu za MediaTek. Anayezoea laini mbili ajue pia kuwa Pixel nyingi zina tundu moja la laini na ya pili huwa laini ya kielektroniki, na kwamba Pixel 10 ya Marekani haina tundu hata moja.

Hofu ya wengi ni kupoteza huduma za fedha, na hapa hali ya Tanzania ni nyepesi kuliko ya Ulaya. Programu za benki na za mitandao zinaweza kukataa kufanya kazi zikigundua mfumo usioidhinishwa na Google, ingawa GrapheneOS huruhusu huduma za Google kuwekwa kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya ziada, na nyingi hufanya kazi kwa njia hiyo. Lakini M-Pesa kwa *150*00#, Airtel Money kwa *150*60#, na hata benki kwa menyu zao za nyota na reli, hazijali simu inatumia mfumo gani, kwa sababu menyu hizo huendeshwa na mtandao wenyewe na hufanya kazi hata kwenye kitochi.

Hilohilo linaonyesha mipaka ya ulinzi huu. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mnara unajua simu iko upande gani wa Ludewa, na muamala unabaki katika kumbukumbu za mtandao. Hakuna mfumo endeshi unaobadilisha hayo. Wala mfumo hauzuii tapeli anayetuma ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", kwa kuwa tapeli huyo haitafuti simu, anamtafuta mtu.

Kwa asiyemudu Pixel, chaguo la busara ni simu ya kawaida ambayo mtengenezaji wake ameandika idadi ya miaka ya masasisho, iwekewe programu chache, na ruhusa za mahali, maikrofoni na orodha ya majina zizimwe kwa kila isiyozihitaji. Fairphone ya Uholanzi, ambayo betri yake hubadilishwa na mtumiaji mwenyewe na ambayo huuzwa pia ikiwa na /e/OS tayari, inafaa kwa mwenye ndugu Ulaya wa kumletea, ingawa vipuri vyake havitapatikana Makambako.

Kazi yenyewe ya kuweka GrapheneOS huhitaji kompyuta, waya mzuri wa USB, umeme usiokatika na faili lenye zaidi ya gigabaiti moja, kwa hiyo ni afadhali ifanyike mjini palipo na intaneti ya uhakika kuliko kijijini kwa bando la siku. Kufungua butiloda hufuta kila kilichomo, hivyo picha na majina huhamishwa kabla. Simu ya zamani nayo, kabla haijauzwa au kupewa mdogo wa nyumbani, hutolewa laini, huondolewa akaunti ya Google na kurejeshwa katika hali ya kiwandani, kwa sababu picha ya kitambulisho iliyobaki humo haitalindwa na mfumo wowote uliowekwa kwenye simu mpya.