Gari likizimika ng'ambo ya Rusumo, nani atakuvuta?

HAPA Kimisagara, vijana wanaokaa juu ya mfereji wa Mpazi wameniita "Mzee Nyumba ya Magurudumu". Hawakukosea sana. Gari langu ni Hiace ya zamani ambayo niliing'oa viti vya nyuma, nikaweka kitanda cha mbao, jiko dogo la gesi na dumu la maji la lita 20. Chini ya kitanda ndipo unapokaa mzigo. Nikienda Kahama kununua mchele sihitaji gesti. Nalala ndani ya gari na asubuhi najichemshia chai. Watalii wanaopita Kigali kwenda kuwaona sokwe wa milimani nao wana magari ya namna hii, ila ya kwao yana choo.

Ndugu msomaji, nyumba ya namna hii ni tamu mpaka siku itakapogoma. Yangu iligoma kati ya Nyakahura na Benaco, upande wa Tanzania, saa kumi na moja jioni. Tulikuwa tunapanda mlima, mshale wa joto ukapanda nao, kisha mpira wa rejeta ukapasuka na mvuke ukajaa mbele ya kioo. Nilipozima, injini haikuwaka tena. Mke wangu alishuka akakata matawi na kuyatandika barabarani, nyuma na mbele, kama wafanyavyo madereva wa malori. Mimi nilizaliwa Karagwe, barabara zile nazijua tangu utotoni, na naikumbuka miaka ya 2000 ambapo mabasi yaliyopita misitu ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye bunduki. Hali ilikwishatulia, lakini giza la porini halina historia. Niliogopa.

Nikakumbuka kadi ya njano. Aliyeniuzia aliniambia kwa kinywa chake kwamba "inakubeba kila mahali". Nikampigia.

"Kaka, umegonga mtu?" akauliza.

"Sijagonga mtu. Gari limekufa."

"Umegonga gari la mtu? Nyumba? Ng'ombe?"

"Hapana."

"Basi hapo kadi haina kazi."

Nilikasirika, lakini nilipotulia nikaona kwamba katika simu ile alisema kweli. Uongo ulikuwa siku ya kuuza. Kadi ya njano ya COMESA, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1986 na kuanza kazi 1987, ni bima ya madhara unayowafanyia wengine ukiwa nje ya nchi yako. Ukimgonga mtu Kahama, inalipa kwa mujibu wa sheria za Tanzania, na inasaidia pia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki katika mpango huu, ndiyo maana kadi inakubalika ukivuka daraja la Rusumo. Kwa injini yako, gia boksi yako na mchele wako, haina neno.

Tulilala pale tukiwa na tochi na kijana mmoja wa kijiji tuliyemlipa akeshe nasi. Asubuhi bredauni ilikuja. Mwenyewe alianza na shilingi laki sita, tukaishia laki nne na nusu, kunifikisha gereji ya Benaco tu. Nilimwomba anivute hadi Kigali, akacheka: gari lake nalo ni gari, linataka kibali cha forodha, bima ya ng'ambo na dereva mwenye hati za kusafiria. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Spea ilitoka Mwanza, siku tatu. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo halimo katika karatasi yoyote ya bima niliyowahi kusoma: kibali cha muda cha kuingiza gari nchini mwa watu kina tarehe yake. Gari likiharibika tarehe haisimami kukungoja. Ilinibidi nipande basi hadi mpakani kueleza forodha kabla siku hazijaisha, wakaniongezea. Ningesubiri fundi amalize kwanza ningekuwa na faini juu ya hasara. Mchele ulifika sokoni Kimisagara wateja wangu wakiwa wamekwisha kununua kwa wengine, na ada ya shule ya muhula ule tuliikopa.

Niliporudi nilianza kutafuta bima ya kweli ya kuharibika njiani. Binamu yangu aliyeishi Köln miaka kumi na minane alinishangaa. "Kaka, si unapiga simu tu wanakuja?" Kwao Ujerumani kuna chama cha wenye magari, ADAC, kilichoanzishwa mwaka 1903, na mafundi wake wa magari ya manjano watu huwaita malaika. Nikamwambia malaika wa namna hiyo hawajavuka Kagera. Jirani zetu wa Kenya wana chama chao, AA, chenye mizizi tangu 1919 na huduma ya kuokoa magari ya wanachama. Lakini mtu wa Kimisagara anayekwenda Kahama ananufaikaje na gari la kuvuta lililoko Nairobi?

Nikazunguka ofisi za bima mjini, nikiwa na daftari. Nawashauri ndugu zangu mliorudi kutoka nje na mlete magari yenu, na ninyi wenzangu wa mipakani: msiulize "bima hii ni nzuri?" Kila mtu atasema nzuri. Mimi niliuliza, "Gari likizima lenyewe, bila ajali, mnafanya nini?" Ofisi ya kwanza walinyamaza, wakaitana. Ile inayoitwa bima kubwa hulipa ajali, moto na wizi. Injini kuchoka kwa uzee kwa kawaida imetengwa waziwazi katika maandishi madogo, na gharama ya kuvuta inalipwa baada ya ajali, tena kwa kiwango kilichowekwa. Pia wengi wanalinda gari ndani ya Rwanda tu, hadi uombe na ulipie kuongezwa nchi nyingine. Nisingeuliza nisingejua.

Ofisi ya pili walikuwa na huduma ya msaada barabarani. Nilifurahi, mpaka niliposoma. Gari la kuvuta linakupeleka gereji iliyo karibu, si nyumbani. Mzigo si juu yao. Gari lenye umri mkubwa halipokelewi, na la biashara lina masharti yake. Kisha yule dada wa kaunta, ambaye namshukuru kwa ukweli wake, akatazama picha ya kitanda changu akauliza: "Mzee, kadi ya gari inasema ni la abiria. Mlibadilisha wapi?" Nilikuwa sijaandikisha popote. Akanieleza kwamba gari lililobadilishwa bila bima kujua, tena lenye mtungi wa gesi ndani, linampa mwenye bima sababu ya kukataa kulipa siku ya moto. Kwa miaka minne nilikuwa nalipia karatasi ambayo pengine isingenisaidia. Wiki ile ile nikaanza kurekebisha hati.

Nilichochagua mwishoni ni hiki: kadi ya njano kwa sababu ni ya lazima na ni ya haki kwa watu wa njiani, bima kubwa iliyoongezewa Tanzania, na mabadiliko ya gari yameandikwa. Huduma ya kuvuta sikuinunua. Kwa Hiace ya umri wa kwangu, ingekuwa kununua mwavuli unaofunguka ndani ya nyumba tu. Badala yake tulianzisha ikimina. Tuko ishirini na wawili, wengi wa soko hili na wachache wa Nyabugogo, kila mmoja franga 5,000 kwa mwezi. Gari lisilokaguliwa na fundi wetu wa Gatsata halihesabiwi. Kila mwanachama anabeba orodha ya mafundi watatu tuliowaona kwa macho: Benaco, Lusahunga na Kahama, na bei ya kuvuta tuliyopatana nao mapema, mchana na usiku mbalimbali.

Mwezi uliopita mama mmoja anayeleta vitunguu kutoka Singida alikwama baada ya Lusahunga, klachi imekwisha. Alimpigia mweka hazina saa nne usiku. Fedha zikatumwa kwa simu, na fundi akafika kabla ya jogoo. Vitunguu viliuzwa Jumanne kama kawaida.

Jumamosi hii tunakutana kuamua kama pancha mbili kwa siku moja ni kuharibika. Mwanachama mmoja anadai alipwe. Mimi nitapinga: jeki anayo, na spea alikuwa ameiacha nyumbani ili aongeze gunia.