Lengelenge la Msafiri wa Miguu

Kila mwaka, kuelekea tarehe 3 Juni, mahujaji hutembea kwa miguu hadi Namugongo, karibu na Kampala, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Wengine hutoka Kenya na Tanzania, na wapo wanaokwenda zaidi ya kilomita 300. Pumzi na magoti yaweza kuhimili safari hiyo, kisha msafiri akakwamishwa na lengelenge dogo la kisiginoni.

Husemwa kwamba kiatu kimemchubua mtu. Usemi huo hauelezi jambo lote. Katika kila hatua mfupa husogea ilhali ngozi ya juu imeng'ang'ania soksi. Matabaka ya katikati huvutwa huku na huku hadi yakaachana, na majimaji yakajaa palipoachana. Unyevu huzidisha kung'ang'ania huko. Ndiyo maana soksi ya pamba, inayolishika jasho, haifai safari ndefu. Ya sufu au nailoni ni bora, nayo ibadilishwe ikilowa. Mafuta ya mgando hulainisha mwanzoni tu. Baada ya muda msuguano huweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Kiatu kipya kizoeshwe kwa matembezi mafupi wiki kadhaa kabla ya safari. Cha mtumba nacho kijaribiwe vivyo hivyo, kwa kuwa kimekwisha kuufuata mguu wa mtu mwingine.

Kinga rahisi kuliko zote ni utepe wa karatasi unaotumika kufungia vidonda. Utafiti wa wakimbiaji wa masafa ya kilomita 250, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa utepe huo, ukibandikwa kabla ya kuanza, hupunguza malengelenge kwa takriban asilimia 40. Asiyeubandika mapema na asimame mara ahisipo joto au mwasho mahali pamoja, badala ya kungoja kituo cha mapumziko.

Lengelenge dogo lisilouma liachwe. Kubwa lenye maumivu hutobolewa pembeni kwa sindano safi isiyotumika, baada ya kunawa mikono na kusafisha ngozi. Maji yakishatoka, ngozi ya juu ibaki kuwa kifuniko, kisha pafungwe bendeji.

Ruhusa hiyo haimhusu mgonjwa wa kisukari. Mishipa yake ya fahamu ikiwa imekufa ganzi, aweza kutembea siku nzima juu ya kidonda asichokihisi, na kidonda kama hicho ndicho huweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Mhudumu wa afya ampime hisia za nyayo kwa monofilamenti ya gramu 10 kabla hajamruhusu kusafiri. Akikuta ganzi, amshauri kwenda kwa gari. Akiwa na lengelenge, asilitoboe mwenyewe; aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Katika ngozi nyeusi wekundu wa maambukizi huonekana kwa shida. Mhudumu atafute joto, uvimbe, usaha na maumivu yanayopanda mguuni, na aulize kuhusu homa na chanjo ya pepopunda.