Usirudie Nyanya Palepale: Jinsi ya Kupanga Mzunguko wa Mazao

Ardhi ya kulima ni haba katika kisiwa cha Mombasa. Mkazi wa Liwatoni anayetaka shamba la mboga hulazimika kulitafuta ng'ambo, kama vile kuvuka kivuko cha Likoni. Akipata kipande chenye kisima, anaweza kulima mwaka mzima bila kungoja masika wala vuli. Hata hivyo, maji hayo humtia tamaa ya kurudia nyanya kila bei inapopanda.

Hapo ndipo hasara huanzia. Udongo usiokauka wala kupumzishwa huhifadhi magonjwa. Mnyauko wa bakteria hushambulia nyanya, biringani, pilipili na viazi, ambazo ni mimea ya jamii moja. Kwa hiyo kupanda biringani baada ya nyanya si kubadilisha zao. Bamia ni ya jamii nyingine, lakini minyoo wa mizizi wanaoharibu nyanya huishambulia pia.

Mpango rahisi ni kugawa shamba sehemu nne. Ya kwanza ipandwe nyanya, biringani, pilipili au bamia. Ya pili mahindi. Ya tatu kunde au pojo. Ya nne mchicha. Kila msimu ukiisha, kila sehemu hupokea zao linalofuata. Mchicha hufuata kunde kwa sababu kunde huongeza naitrojeni udongoni, nao mchicha huihitaji ili kutoa majani.

Kabla ya kupanda tena, ng'oa mimea michache ukague mizizi. Vinundu vya kunde vinavyobanduka kwa urahisi, vyenye rangi ya waridi ndani, ni dalili njema. Mzizi wenyewe ukivimba mafundo yasiyobanduka, hiyo ni minyoo. Aina nyingi za kunde nazo hudhurika, hivyo mkulima aombe ushauri kabla ya kuzipanda hapo.

Maji pia yapimwe. Kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kuwa na chumvi, na maharagwe hayaivumilii.

Ni kweli kwamba bei ya nyanya ikipanda, anayefuata mpango huu atakuwa na robo tu ya shamba yenye nyanya. Lakini ikishuka, au mnyauko ukiingia, robo tatu zilizobaki bado zitampa cha kuuza.

Wakulima wanashauriwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao kabla ya msimu kuanza.